Tulimtafuta Bibi Katika Vitabu vya Wafungwa

Sisi watu wa Dodoma tunafahamiana na Waaustralia tangu zamani. Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, George Chambers, aliyewekwa wakfu mwaka 1927, alitoka Sydney. Baada yake walikuja walimu, madaktari na wauguzi wengi kutoka nchi hiyo. Mmoja wa wauguzi hao alifanya kazi nasi kwa miaka mingi katika hospitali ya misheni. Tulimwita Sista, na mpaka leo hatumwiti kwa jina lingine. Alipostaafu alirudi kwao Hobart, mji mkuu wa kisiwa cha Tasmania, kusini kabisa mwa Australia. Mwaka jana alitualika sisi watatu, wauguzi wawili na mama mmoja mzee wa kanisa, tukamtembelee kwa majuma mawili.

Katika barua ya mwaliko aliongeza maneno machache ambayo tuliyasoma mara mbili. Alituomba tumsaidie kumtafuta bibi wa babu yake mzaa mama. Alidhani kwamba bibi huyo aliletwa Tasmania akiwa mfungwa, na akasema kwamba kuyasoma hayo peke yake anaogopa.

Tulishangaa. Sista tunayemjua sisi hakuogopa kitu. Alizalisha akina mama usiku kwa mwanga wa taa ya chemli, na alivuka mito iliyofurika akiwa na sanduku la dawa kichwani. Ni kitabu gani basi kingemtisha mtu kama huyo? Tukafunga mizigo tukaenda.

Nchi iliyoanza kwa gereza

Pengine msomaji atajiuliza mfungwa Mzungu alipelekwaje Australia. Zamani Uingereza ilikuwa na sheria kali sana. Mtu aliyeiba nguo au kondoo aliweza kunyongwa, au kufukuzwa nchini na kupelekwa mbali kwa miaka 7, 10, 14 au maisha. Kwanza waliwapeleka Marekani. Marekani ilipojitawala, njia hiyo ikafungwa, na magereza ya Uingereza yakajaa hata wafungwa wakawekwa ndani ya meli kuukuu zilizotia nanga mitoni. Ndipo serikali ilipoamua kuwapeleka upande wa pili wa dunia.

Meli 11 za kwanza zilifika Australia Januari mwaka 1788 chini ya Kapteni Arthur Phillip. Meli ya mwisho ilifika mwaka 1868. Katika miaka hiyo 80 walipelekwa wafungwa wapatao 162,000, na kati yao wanawake walikuwa kama 25,000. Karibu nusu ya wanawake hao waliletwa Tasmania, ambayo wakati ule iliitwa Van Diemen's Land. Wengi walihukumiwa kwa wizi: shali, jozi ya viatu, kipande cha kitambaa, fedha za mwajiri. Wengine walitoka Ireland miaka ya njaa kuu, kuanzia 1845, viazi vilipooza mashambani na watu wakafa njiani.

Haifai kusahau kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa Tasmania walikuwa wameishi kisiwani kwa maelfu ya miaka. Vita, magonjwa na kuhamishwa kwa nguvu viliwamaliza wengi, hata mwaka 1847 waliporudishwa kutoka kisiwa walikohamishiwa walikuwa wamebaki watu 47 tu katika kundi hilo. Wazao wa wenyeji wapo mpaka leo, na mlima mkubwa ulio juu ya Hobart sasa unaitwa kwa jina lao, kunanyi, pamoja na jina la Kiingereza, Mount Wellington. Kwa hiyo ukitembea Hobart unatembea juu ya huzuni za watu wa aina mbili, waliofukuzwa kwao na waliofukuziwa kwao.

Hobart wakati wa baridi

Tulifika mwezi Julai. Kwetu Dodoma Julai ni mwezi wa upepo na sweta, lakini baridi ya Hobart ni nyingine. Jua huchomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limekwisha kuzama. Mlima ulikuwa na theluji kileleni. Tulivaa makoti aliyotuazima Sista, na juu ya makoti tukajifunga khanga, watu wakatutazama na kutabasamu.

Mji umejengwa kwenye mlango wa mto Derwent, mpana kama ziwa. Nyumba nyingi za zamani ni za mawe ya rangi ya asali. Sista alituambia tuyatazame mawe hayo kwa karibu, kwa sababu katika majengo mengi bado zinaonekana alama za tindo za wafungwa waliochonga.

Siku ya pili alitupeleka bandarini kuona sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka 2017. Ni sanamu za wanawake watatu na mtoto mmoja wa kiume, kazi ya mchongaji wa Ireland, Rowan Gillespie. Hazikuwekwa juu ya jukwaa. Zimesimama chini, palepale watu wanapopita, wembamba wamejikunyata kana kwamba wameshuka melini saa hiyo. Mama mzee wa kanisa alivua glavu akamshika mmoja mkono, akasema, "Huyu binti ana baridi." Kuanzia hapo hatukuwa watalii tena.

Katika ofisi ya nyaraka

Sasa tuwaelezeni jambo lenyewe. Nyumbani kwa Sista kuna Biblia kubwa ya ukoo, yenye jalada la ngozi. Wazungu wa zamani walikuwa na desturi ya kuandika ndoa, vizazi na vifo katika kurasa za mbele za Biblia. Katika Biblia hiyo yameandikwa majina ya watoto saba, wa kwanza akiwa amezaliwa mwaka 1859 katika bonde la Huon, kusini mwa Hobart, ambako baba yao alikuwa mkata mbao. Mama yao anaitwa Mary. Jina la ukoo tunaliacha kwa heshima ya familia. Kabla ya orodha ya watoto palikuwa na ukurasa mwingine, lakini umekatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono. Familia ilizoea kusema kwamba Mary alikuwa binti wa mhubiri aliyekuja kwa meli na wazazi wake. Jina la mhubiri huyo hakuna aliyewahi kulitaja.

Sista alianza na cheti cha ndoa cha mwaka 1858. Tasmania iliandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu mwaka 1838, kabla ya sehemu nyingine za Australia, lakini fomu za wakati ule hazikuuliza majina ya wazazi. Cheti kilisema tu kwamba Mary alikuwa na miaka 29, hajaolewa, na penye sahihi aliweka alama ya msalaba kwa sababu hakujua kuandika. Binti wa mhubiri asiyejua kuandika! Hapo ndipo shaka yake ilipozidi.

Basi tulikwenda naye katika maktaba ya serikali mtaa wa Murray, mahali zinapotunzwa nyaraka za Tasmania. Tulitazamia vumbi na makaratasi yaliyoliwa na mchwa, tukakuta chumba safi chenye joto, kompyuta, na watumishi wanaosema polepole. Kumbukumbu za wafungwa wa Australia zimeingizwa na UNESCO, mwaka 2007, katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Zile za Tasmania zimepigwa picha, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwa intaneti. Mtu aliye Dodoma au Mwanza angeweza kuzifungua leo usiku.

Wasomaji, sisi tumejaza fomu za wagonjwa maisha yetu yote, lakini hatujaona fomu kama zile. Kila mfungwa aliyeshuka alipimwa na kuandikwa: kimo, umri, rangi ya uso, nywele, umbo la kichwa, paji, nyusi, macho, pua, mdomo, kidevu, makovu. Aliulizwa dini, kama anajua kusoma, kazi anayoiweza, kijiji alichotoka, majina ya ndugu aliowaacha. Aliulizwa pia akiri kosa lake kwa maneno yake mwenyewe. Kisha, chini yake, kila kosa alilofanya kisiwani liliandikwa na adhabu yake: kumjibu bibi wa nyumba, kutoka usiku bila ruhusa, kulewa, kuonekana na mwanamume jikoni.

Serikali ile haikuwaandika kwa sababu iliwapenda, bali iliwaandika ili wakitoroka wakamatwe. Hata hivyo wanawake maskini wa Uingereza waliobaki kwao wamepotea kabisa, hakuna ajuaye walikuwa na macho ya rangi gani. Hawa waliofungwa tunajua.

Akina Mary wawili

Saa nne asubuhi Sista aliandika jina, kompyuta ikaleta akina Mary wawili wenye jina lilelile la ukoo na umri unaokaribiana. Akatutazama. Tukasogeza viti.

Mary wa kwanza alitoka kusini mwa Ireland. Aliletwa mwaka 1849 akiwa na miaka 19, kifungo chake miaka saba, kosa lake kuiba kondoo pamoja na kaka yake. Dini yake Mkatoliki. Hakujua kusoma wala kuandika.

Mary wa pili alitoka Lancashire, Uingereza, mahali pa viwanda vya pamba. Aliletwa mwaka 1848 akiwa na miaka 20, kifungo miaka kumi, kosa lake kuiba shali na viatu katika nyumba aliyolala. Alijua kusoma kidogo. Hakujua kuandika.

Wote wawili walikuwa wamemaliza vifungo vyao kufikia mwaka 1858. Mfungwa aliyetaka kuoa au kuolewa ilimpasa aombe ruhusa ya serikali, na maombi hayo yapo vitabuni, lakini mtu aliyekwisha kuwa huru hakuomba ruhusa kwa yeyote. Kwa hiyo mlango huo ulikuwa umefungwa.

Sista alikuwa na fununu moja tu kutoka kwa wazee: kwamba Mary alikuwa na makovu ya ndui usoni. Tukatafuta kwa furaha. Mary wa kwanza alikuwa na makovu ya ndui. Mary wa pili naye alikuwa na makovu ya ndui. Tulicheka hata mtumishi akageuka kututazama. Siku zile ndui iliwatia alama watu wasiohesabika. Vijana wa leo hawaijui, kwa sababu dunia nzima ilichanja mpaka ikaisha, na mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu Somalia, mwaka 1977.

Kicheko kilikwisha tuliposoma mistari ya chini ya Mary wa Ireland. Mwaka 1851 alirudishwa gerezani na mwajiri wake kwa kuwa alikuwa mjamzito. Akazaa mtoto wa kike, akampa jina Catherine. Kwa kosa la kuzaa nje ya ndoa aliongezewa miezi ya kazi ngumu. Katika kitabu kingine, cha vifo, Catherine yumo. Alikufa akiwa na miezi tisa, kwa kuharisha.

Sisi wauguzi tulijua maana yake bila kuambiana. Miezi tisa ni wakati ambapo mtoto wa mfungwa huyo angekuwa ameachishwa ziwa kwa amri.

Kiwanda cha Wanawake

Siku iliyofuata tulikwenda Cascades. Ni mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, bondeni chini ya mlima, kando ya kijito. Mahali hapo palikuwa kiwanda cha kutengenezea pombe kali kilichoshindwa biashara. Serikali ikakinunua na kuanzia mwisho wa mwaka 1828 ikawaweka humo wafungwa wanawake. Walipaita kiwanda kwa sababu wanawake walifanya kazi humo: kufua nguo za mji, kusokota sufu, kushona, kuchambua kamba kuukuu za meli. Mwaka 2010 UNESCO iliweka Cascades katika urithi wa dunia pamoja na sehemu nyingine kumi za wafungwa nchini Australia.

Kilichobaki ni kuta ndefu za mawe, viwanja vitupu, na nyumba ndogo ya matroni. Tulikuwa hapo saa sita mchana, na jua lilikuwa halijafika sehemu yote ya uwanja kwa sababu mlima unalizuia. Ardhi ni ya unyevu. Mtu yeyote aliyesomea afya ya jamii angekataa kuweka hata mbuzi wadogo pale.

Wanawake waligawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza walikuwa wanaosubiri kupelekwa nyumba za watu kuwa watumishi. Daraja la chini kabisa walikuwa wanaotumikia adhabu, nao walivaa nguo zilizoshonewa herufi C kubwa ya njano. Aliyekosa aliweza kufungiwa peke yake gizani kwa mkate na maji, au kukatwa nywele.

Lakini lililotuumiza ni habari za watoto. Mama alikaa na mtoto wakati wa kunyonyesha, kisha akamwachisha na kupelekwa upande mwingine kutumikia adhabu yake. Mtoto alibaki chumbani na wengine wengi, chini ya uangalizi wa wanawake wachache. Hewa nzito, unyevu, chakula kisichomfaa, na kuhara kukiingia hakutoki. Walikufa wengi, hata magazeti ya Hobart ya wakati huohuo yalipiga kelele. Waliopona walichukuliwa wakiwa na miaka miwili au mitatu kwenda shule ya yatima huko New Town, ingawa mama zao walikuwa hai. Majengo ya shule hiyo na ya kanisa lake la Mtakatifu Yohana bado yapo, nasi tulipita kuyaona.

Kila mara mama anapotuuliza kliniki kwa nini tunasisitiza anyonyeshe mpaka miaka miwili, na kwa nini chakula cha mtoto kiwe safi na maji yachemshwe, tutamkumbuka Catherine wa Cascades. Hakuuawa na ugonjwa wa ajabu. Aliuawa na kitu ambacho leo tunakizuia kwa maziwa ya mama, sabuni, na maji yenye chumvi na sukari.

Wanawake waliowakumbuka wanawake

Isidhaniwe kwamba Wakristo wote wa wakati ule walinyamaza. Elizabeth Fry, mama wa watoto wengi na mwanachama wa jamii ya Waquaker huko London, aliingia gereza la Newgate mara ya kwanza mwaka 1813, akakuta wanawake na watoto wamelala juu ya majani. Mwaka 1817 yeye na wenzake waliunda chama cha kuwasaidia. Walianzisha shule humo humo gerezani. Walitembelea meli za wafungwa kabla hazijaondoka, na kila mwanamke walimpa mfuko wenye sindano, uzi, aproni na vipande vya vitambaa ili ashone njiani. Safari ilichukua miezi mitatu au minne, na mikono isiyo na kazi huzaa ugomvi.

Mwaka 1841 meli iitwayo Rajah ilileta Hobart wanawake wapatao 180. Walikuwa pamoja na matroni, Kezia Hayter. Baadhi yao walishona mfarishi mkubwa wa vipande 2,815, wakaandika kwa uzi maneno ya kuwashukuru akina mama wa chama kile. Mfarishi huo sasa uko katika jumba la sanaa la taifa huko Canberra. Hatukuuona kwa macho, ila picha yake iko Hobart, na mama mzee wa kanisa, ambaye ni fundi cherehani, aliisogelea akahesabu mishono. Alisema kuna mikono isiyopungua minne, mmoja wa fundi hodari na mmoja wa mtu anayejifunza.

Siku hizi yupo mama mwingine, msanii Christina Henri wa Tasmania. Alianzisha kazi ya kushona kofia za kitambaa za kufunga kidevuni, kama walizovaa watumishi wa zamani, kofia moja kwa kila mwanamke mfungwa. Alihesabu 25,566. Wanawake wa nchi nyingi wameshona, wengi wao katika vikundi vya kanisa, na kofia huombewa baraka katika ibada. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji jina, uzi na saa chache za jioni.

Mama Mdogo

Ilibaki kazi moja, nayo ndiyo Sista aliyoiogopa. Mdogo wa mama yake bado yu hai, ana miaka 91, anakaa katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miaka mingi Mama Mdogo huyo alikuwa akimwambia aache kuchokonoa mambo ya waliokufa. Kizazi chake kililelewa hivyo. Huko Tasmania mtu aliyejulikana kuwa mzao wa mfungwa aliona haya, na watu walificha. Hata jina la kisiwa lenyewe lilibadilishwa mwaka 1856 kuwa Tasmania, kwa sababu jina la zamani lilinuka jela. Leo wajukuu wanajivunia, lakini wazee hawajasahau.

Tulimkuta kitini karibu na dirisha, miguu imefunikwa blanketi. Tulimwamkia shikamoo, Sista akamweleza maana yake, naye akafurahi, akataka tumwamkie tena. Tuliketi. Sista akamweleza yote taratibu, kondoo, shali, Cascades, akina Mary wawili. Mama Mdogo alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Ukurasa ule aliukata baba yangu."

Ilikuwa mwaka 1954, juma moja kabla ya harusi yake. Wakwe walitarajiwa kuja kunywa chai, nao walikuwa watu wa heshima. Baba yake alijua kwamba Biblia ya ukoo ingefunguliwa mbele ya wageni. Akachukua wembe, akakata, akatia ukurasa katika jiko la kuni. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Bibi yake, binti wa Mary, aliwahi kumwambia akiwa mtoto kwamba jina la meli ya mama yake ameliandika katika Biblia kwa penseli, ili lisipotee.

"Sikulisoma," alisema. "Nilidhani kuna siku nyingi."

Msomaji anaelewa uzito wake. Katika vitabu vya Tasmania kila mfungwa anajulikana kwa jina lake na jina la meli yake. Neno lile moja la penseli lingetosha kumtambua Mary. Serikali iliyomfunga iliyatunza mapua na makovu yake kwa miaka zaidi ya 170, na mjukuu wake mwenyewe, kwa sababu ya chai ya alasiri, alichoma jina la meli.

Hakuna aliyemlaumu. Sista alimshika mkono. Baada ya kimya kirefu Mama Mdogo aliuliza, "Yule mtoto mchanga, walimpa jina?"

Tukamwambia anaitwa Catherine.

"Basi waandikeni wote watatu," akasema. "Mmoja ni wetu. Na yule mwingine, nani atamwandika?"

Jioni ile Sista alifungua Biblia, akabandika karatasi safi mahali pa ile iliyokatwa. Aliandika habari za Mary wa Ireland na mwanawe Catherine, na za Mary wa Lancashire, pamoja na meli zao, miaka yao na makosa yao, na juu akaandika "huenda". Tukamshukuru Mungu kwa ajili yao wote. Mama mzee wa kanisa akatukumbusha orodha ya ukoo wa Bwana wetu katika Mathayo sura ya kwanza. Mwandishi angeweza kuwaacha wanawake wote, kwa maana hakulazimika kuwataja. Lakini yumo Tamari, yumo Rahabu, yumo Ruthu mgeni, na yumo mke wa Uria. Mathayo hakutumia wembe.

Nasi je?

Akina mama wenzetu, tusiseme kwamba hayo ni ya Wazungu. Kwetu pia kuna kurasa zilizokatwa, ingawa hatukuwa na Biblia ya kuandikia. Kuna mjomba aliyefungwa ambaye hatajwi. Kuna shangazi mwenye kifafa aliyefichwa chumba cha nyuma. Kuna mtoto aliyelelewa na bibi akaambiwa mama yake ni dada yake. Kuna ndugu aliyekufa kwa UKIMWI, na watoto wake wanaambiwa ilikuwa malaria.

Hospitalini tunaona matokeo. Tunamwuliza mgonjwa kama katika ukoo wao kuna kisukari, shinikizo la damu, selimundu au kansa ya matiti. Anajibu hakuna, nasi tunaandika hakuna, kumbe yupo bibi na mama wadogo wawili. Wachumba wawili wenye chembechembe za selimundu wanaoana bila kujua, kwa sababu watoto waliokufa katika koo zao hawakutajwa. Aibu iliyofichwa haibaki kimya.

Tunawashauri mambo machache yaliyo rahisi. Kwanza, waulizeni wazee sasa wakiwa na kumbukumbu, si siku ya msiba. Waulize jina la bibi yao upande wa mama, kijiji alichotoka, watoto aliozaa, waliokufa na walikufa kwa nini. Pili, andikeni katika daftari gumu lenye jalada, muandike pia aliyewaambia na tarehe. Mahali msipokuwa na uhakika andikeni huenda, msizibe pengo kwa hadithi nzuri. Tatu, tunzeni pamoja kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Vitabu vya ubatizo vya makanisa yetu ya zamani ni hazina, mwombeni mchungaji ruhusa ya kuvisoma. Nne, watoto waambiwe kweli kwa kadiri ya umri wao, na waambiwe na mama au baba, wasije wakaisikia kisimani.

Mwisho, mkikuta jambo la aibu, msikimbilie wembe. Mama Mdogo wa Sista alingoja miaka 70 kulisema neno moja, na alipolisema alilala vizuri, wauguzi wake walituambia. Bibi yako hatakuwa na miaka 91 daima. Nenda Jumapili hii baada ya ibada, chukua daftari na kalamu, umwombe akusimulie habari za mama yake.